Kozi, mlezi, kukaimu au kikundi: njia ipi itakukuza kuwa kiongozi kazini?

Kampala imejaa wasimamizi waliopewa cheo kwa sababu walikuwa hodari wa kazi nyingine. Mhasibu asiyekosea hesabu anafanywa mkuu wa idara. Askari ambaye hajawahi kukutwa amesinzia langoni anapewa walinzi kumi na wanne na redio ya mkononi. Fundi anayezijua mashine zote za kiwanda anaamka siku moja akiwa msimamizi wa zamu. Baada ya wiki mbili wote wanagundua kwamba ustadi uliowapandisha hauwasaidii kumwambia mtu mzima, tena aliyewazidi umri, kwamba kazi yake haijafaa.

Hapo ndipo swali linapoanza: nikajifunze wapi? Jibu la haraka hapa kwetu huwa moja, katafute cheti. Uganda tunapenda vyeti. Vinawekwa kwenye fremu, vinaambatishwa kwenye maombi ya kazi, na hata harusini msema chochote akimtambulisha mjomba wa bwana harusi atavitaja. Sina ugomvi navyo. Ila sifa za kiongozi ni nyingi, na kila njia ya kujifunza hukuza baadhi yake na kuziacha nyingine kama zilivyokuwa. Ndiyo maana hapa sikuzipanga njia kutoka bora hadi hafifu. Nimeziweka ubavu kwa ubavu na kuzipima kwa sifa moja baada ya nyingine, uangalie wewe unapungukiwa na ipi.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kozi fupi. Uganda Management Institute iliyopo Barabara ya Jinja, Kampala, ilianzishwa mwaka 1969 kuwanoa watumishi wa serikali, na siku hizi inapokea watu wa sekta zote. Ina matawi Gulu, Mbarara na Mbale. Makerere University Business School ipo Nakawa, na ina kampasi Arua, Jinja, Mbarara na Mbale. Watumishi wa umma wana chuo chao Jinja. Mashirika binafsi ya mafunzo hayahesabiki, mengine mazuri, mengine ni ukumbi wa hoteli na chai ya saa nne tu.

Ya pili ni mlezi: mtu aliyekutangulia kazini anayekubali umfuate, umwulize, na akuambie ukweli. Ya tatu ni kukaimu, yaani kushika nafasi ya mkubwa wako akiwa likizoni, au wakati nafasi iko wazi. Ya nne watu wengi hawaihesabu kabisa kuwa mafunzo: kuchaguliwa katika uongozi wa kikundi nje ya kazi. SACCO, kikundi cha akiba cha mtaani, kamati ya msikiti au ya parokia, klabu ya Rotary, hata uenyekiti wa steji ya boda boda.

Kusikiliza na kuushika ulimi

Hii ndiyo sifa inayokosekana zaidi, na ndiyo ambayo kozi huifundisha vibaya zaidi. Darasani mtaonyeshwa slaidi kuhusu kusikiliza kwa makini, mtakaa wawili wawili kufanya zoezi, mtacheka, mtaandika kwenye karatasi za rangi na kuzibandika ukutani. Mle ndani hakuna aliyekuudhi. Kumsikiliza mtu ambaye hajakuudhi kila mmoja anaweza.

Mtihani wenyewe uko saa kumi na mbili jioni kwenye lango la ghala, walinzi wa mchana wanapokabidhi kwa wa usiku. Mlinzi mmoja amechelewa dakika arobaini, mara ya tatu wiki hiyo. Mwenzake wa mchana amesimama tangu alfajiri na hawezi kuondoka mpaka apokelewe. Msimamizi ameshika kitabu cha matukio. Nimeona wasimamizi wa aina mbili hapo. Wa kwanza anafoka mbele ya paredi nzima, na mlinzi anatoa lile jibu ambalo kila askari analijua: "Ndiyo, afande." Maneno yanaishia hapo, na kesho kutwa anachelewa tena. Wa pili anaandika kitabuni saa aliyofika, anamruhusu wa mchana aende zake, halafu anamvuta huyu pembeni.

"Wiki hii kuna nini?"

"Hakuna kitu, afande."

Msimamizi anakaa kimya. Hakemei, haulizi tena, anamtazama tu na kusubiri.

"Afande, mama watoto amelazwa. Nikitoka hospitali ninakuja kwa miguu."

Sasa anajua anashughulika na jambo gani. Anaweza kumhamishia kituo cha karibu na hospitali kwa wiki mbili. Anaweza pia kuamua kwamba onyo liandikwe vilevile. Lakini ataamua akijua. Ule ukimya kati ya jibu la kwanza na la pili haukai kwenye slaidi. Mtu huupata kwa kumwona mwingine akiufanya, na hata hivyo mara ya kwanza utamshinda.

Kwa sifa hii mlezi anashinda kwa mbali, mradi awe mlezi wa kweli. Wazee wa kukupa hadithi zao wakati wa chakula cha mchana ni wengi. Hao ni watu wazuri lakini si walezi. Mlezi anakuruhusu ukae kwenye kikao chake kigumu, unyamaze, utazame, kisha mkitoka unamwuliza kwa nini alisema hili na lile akaliacha. Kipimo changu cha kumtafuta ni kimoja: je, watu aliowahi kuwasimamia miaka ya nyuma bado wanampigia simu? Kama wanampigia, mfuate. Na asiwe bosi wako wa moja kwa moja. Anayejaza fomu ya kukupima mwisho wa mwaka huwezi kumwambia kwamba unaogopa.

Kikundi kinafuata nyuma ya mlezi, kwa sababu nitakayoieleza chini. Kukaimu kunaweza hata kukuharibu hapa: mtu aliyepewa kiti kwa mwezi mmoja huwa na haraka ya kuonyesha kwamba amekikalia.

Kusema mbele za watu

Hii nitaipitia upesi kwa sababu ndiyo rahisi kuliko zote kurekebishwa. Nenda klabu ya Toastmasters, zipo Kampala. Utaratibu wao ulianzishwa na Ralph Smedley huko California mwaka 1924 na haujabadilika sana: hotuba uliyoiandaa ya dakika tano hadi saba, mada ya papo hapo ya dakika moja au mbili, mtu wa kushika saa, mtu wa kuhesabu "eee" na "aaa" zako, na mwingine wa kukutathmini ukiwa umekaa palepale unamsikia. Kozi ya siku mbili haiwezi kushindana na mazoezi ya mara kwa mara, na mlezi hana muda wa kukusikiliza ukirudia hotuba ileile. Ila jihadhari: ufasaha ukitangulia sifa nyingine, unapata msimamizi anayepigiwa makofi na asiyeaminiwa.

Kukemea kwa haki

Hapa napanda upande wa kozi, tena bila kusita, kwa sababu moyo mwema peke yake unaweza kukutia hasarani wewe na mwajiri wako.

Msimamizi mpya mwenye huruma huahirisha. Anaona kosa, anasema atazungumza naye wiki ijayo, wiki ijayo inakuwa mwezi ujao, halafu siku moja kijana anakosea jambo dogo na msimamizi anamwaga yote ya miezi mitatu kwa mkupuo. Sasa tazama Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inavyosema. Mwajiri ambaye hajachukua hatua ya nidhamu ndani ya siku kumi na tano tangu alipojua kosa anahesabiwa kuwa ameiacha haki hiyo, isipokuwa pawe na sababu isiyo ya kawaida. Mfanyakazi akisimamishwa ili achunguzwe, analipwa nusu mshahara, na kusimamishwa huko hakupiti wiki nne. Kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu, ni lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuja na mtu aliyemchagua mwenyewe, na utetezi wake usikilizwe. Ukiruka hatua hiyo, mwajiri anadaiwa mshahara wa wiki nne hata kama kosa lilikuwa la kweli kabisa.

Soma tena hapo kwenye lugha anayoielewa. Kikosi kimoja cha walinzi, au zamu moja ya kiwanda hapa Kampala, kina mtu wa Arua, wa Lira, wa Mbale, wa Kasese na pengine Wakongomani wawili. Barua ya onyo inaandikwa kwa Kiingereza cha mwanasheria, mtu anaambiwa "saini hapa", anasaini. Mara nyingi Kiswahili ndicho kingewafikisha wote, na msimamizi anayekijua anakitumia kwenye mzaha na kwenye amri, kisha siku ya jambo zito anakiweka kando. Mambo hayo usiyaache kwa mwanasheria wa kampuni, ni ya msimamizi mwenyewe.

Mlezi anaweza kukuonyesha namna ya kumkemea mtu bila kumvunjia heshima, na hilo ni kubwa. Lakini walezi wengi walijifunza kazi zamani, chini ya wakubwa waliofukuza watu kwa neno moja, na watakufundisha hivyo hivyo kwa nia njema kabisa. Kozi ya siku chache kuhusu sheria za kazi itakupa hatua, muda na maneno ya kuandika. Ukijua hatua, woga wa kuzungumza mapema unapungua, na hapo sheria inakuwa imekujengea tabia. Kikundi kina katiba yake na faini zake za kuchelewa. Kinakupa mazoezi ya kutoza bila upendeleo, lakini usidhani faini ya kikundi inahamia kazini. Kumkata mfanyakazi mshahara kwa sababu amechelewa, kwa kuamua wewe mwenyewe, kutakupeleka mbele ya afisa kazi wa wilaya.

Kukabidhi kazi kwa wengine

Mwaka 1939 Kurt Lewin, Ronald Lippitt na Ralph White walichapisha jaribio walilolifanya Iowa, Marekani, kwa vilabu vya wavulana wa miaka kumi hivi waliokuwa wakitengeneza vinyago na vitu vingine vya mikono. Vikundi vingine vilipewa kiongozi wa kuamrisha, vingine wa kushauriana, vingine wa kuwaacha wafanye wapendavyo. Waliokuwa chini ya mwamrishaji walifanya kazi nyingi alipokuwepo. Alipotoka chumbani, kazi ilianguka. Waliozoea kushauriana waliendelea karibu vilevile.

Sifa hii haiwezi kujengwa ukiwa hujashika kitu cha kukabidhi, kwa hiyo kukaimu ndiko kunakoifaa zaidi. Mkuu wa ghala anakwenda likizo, unaachiwa funguo, mikataba ya wasafirishaji, malori matatu yanayosubiri hati kutoka mpakani Malaba, na kazi yako ya kila siku haikuondolewa. Siku mbili za mwanzo utajaribu kuyafanya yote. Siku ya tatu utashindwa, na hapo ndipo utakapomtazama karani wa chini yako na kumwona kwa mara ya kwanza kama mtu anayeweza. Kozi inakuambia ukabidhi; kukaimu kunakulazimisha.

Kasoro ya kukaimu ni kwamba ofisi nyingi hukufanyia biashara. Unakaimu mwaka mzima kwa mshahara uleule, lawama zote zako, sahihi ya mwisho ya mwingine. Kabla ya kukubali, omba barua, tena barua ya karatasi, siyo ujumbe wa WhatsApp. Iseme unaanza lini na unamaliza lini, unaweza kuidhinisha kiasi gani cha fedha, na posho ya kukaimu ni ipi. Wakikataa kuandika mipaka ya madaraka yako, ujue hujapewa madaraka, umepewa mzigo.

Uaminifu, na kuongoza watu wasiokuogopa

Nimekuja kwenye njia ninayoipenda kuliko zote, na msomaji anisamehe nikielemea upande mmoja.

Kazini wana sababu nyingi za kukutii: mshahara, tathmini, barua ya onyo. Ukitoa hivyo vyote, ni nani atakayebaki akikufuata? Kikundi kinakujibu. Chukua vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini na mitaani, mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha Niger mwaka 1991 na ambao leo umeenea Uganda nzima. Watu kumi na tano hadi ishirini na tano, daftari la kila mmoja, na sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu zinakaa kwa wanachama watatu tofauti, wala si kwa anayelala na sanduku. Siku ya mkutano wote wanakaa duara, wenye funguo wanaitwa mmoja mmoja, sanduku linafunguliwa, na wahesabu fedha wawili wanahesabu noti kwa sauti huku kila jicho liko kwenye vidole vyao. Mwenyekiti hagusi hela. Kazi yake ni kuendesha: nani aseme, nani asubiri, mkopo wa nani utoke kwanza wakati fedha haziwatoshi wote.

Kaa kwenye kiti hicho mwaka mmoja. Utamnyima mkopo shangazi yako mbele ya watu na kumweleza kwa nini. Utamtoza faini ya kuchelewa mtu aliyekupigia kura. Utakosea, na watakwambia palepale, maana hakuna anayekuogopa. Mzunguko ukiisha na fedha zikigawanywa, wanaweza kukuchagua tena au kumchagua jirani yako. Sijui semina yoyote inayompa mtu kitu kama hicho. Niliahidi kueleza kwa nini kikundi kinafunza kusikiliza: usiposikiliza, hawaji mkutano ujao.

Rotary inafanya kazi hiyohiyo kwa watu wa maofisini. Rais wa klabu hubadilika kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo mtu anajifunza kupokea kazi ya mwingine, kuiendeleza na kuiachia kabla hajaizoea kupita kiasi, jambo ambalo viongozi wetu wengi wa ngazi zote hawajawahi kulifanyia mazoezi. Sam Owori, mwanachama wa klabu ya Kampala, alifika mpaka kuteuliwa kuwa rais wa Rotary duniani kwa mwaka 2018/19, akafariki Julai 2017 kabla ya kushika nafasi hiyo.

Hasara za kikundi zipo. Kinakula jioni na wikendi zako, kinaingiza ndugu na majirani kwenye mambo ya fedha, na mwajiri atakayesoma wasifu wako anaweza kupita juu ya "mwenyekiti wa kikundi cha akiba" bila kusimama. Hili la mwisho unaweza kulirekebisha kwa kuandika ulichosimamia: wanachama wangapi, mikopo kiasi gani, migogoro mliimaliza vipi.

Fedha na muda

Huenda umesikia ile hesabu ya 70, 20 na 10, iliyotokana na mahojiano ya watafiti wa Center for Creative Leadership ya Marekani na wakubwa wa makampuni katika miaka ya 1980: sabini kwa mia ya mafunzo ya uongozi hutokana na kazi ngumu, ishirini na watu wengine, kumi na darasa. Usiichukue kama kipimo cha mizani. Namba zimekaa sawasawa mno, na zilitoka kwenye kumbukumbu za watu wakijisimulia. Lakini zinatosha kumfanya mtu ajiulize kwa nini bajeti yote ya mafunzo ya kampuni inakwenda kwenye ile kumi.

Kozi inagharimu fedha nyingi kwa mara moja na muda mfupi. Mlezi hagharimu fedha, lakini ukimwendea bila swali maalumu utamchosha, na mlezi aliyechoka hakuambii. Anaacha kupokea simu tu. Kukaimu kunagharimu jina lako ukiharibu. Kikundi kinataka hisa za kila wiki, ambazo zinarudi na faida, pamoja na uvumilivu, ambao haurudi.

Basi uchague ipi

Ukiwa umepandishwa mwezi huu na una watu chini yako tayari, anza na kozi fupi ya sheria na taratibu za kazi, kisha mlezi. Kozi itakuzuia usiharibu, mengine yatafuata. Mwombe mwajiri akulipie, na ombi liingie kabla mwaka wa fedha haujaanza Julai. Likija Oktoba utaambiwa bajeti imekwisha.

Ukiwa bado hujapandishwa na unataka uonekane, kozi iache kwanza. Tafuta kukaimu hata kwa wiki moja, na ukikosa, gombea nafasi kwenye kikundi. Cheti bila hadithi ya watu uliowaongoza hakikufikishi mbali kwenye usaili. Mwuliza maswali akisema "tupe mfano", utabaki ukitazama dari.

Wewe ambaye watu wanakusifu kwa ukali, na kazi inakwenda vizuri mpaka siku usipokuwepo, usiende kozi wala usiombe kukaimu, maana vyote viwili vitakupa nguvu zaidi ya hiyo uliyonayo. Nenda kwenye kikundi, tena usigombee uenyekiti. Gombea ukatibu, uandike wanachosema wengine.

Na mlinzi wa mshahara mdogo anayesoma haya kwenye simu zamu ya usiku, asiye na ada ya kozi wala mkubwa wa kumlea: kitabu cha matukio unacho tayari. Andika vizuri, saa na jambo, kwa namna ambayo anayekupokea asubuhi hatahitaji kukuuliza. Wasimamizi wanaotafuta mtu wa kukaimu husoma kitabu hicho kabla ya kuuliza nani ana cheti.